Sisi Hatukukodiwa, Tulialikwa

Kama unataka kuona jeshi la ajabu kuliko yote yaliyopata kupigana duniani, nenda Stratford siku ya Idi, kwenye ukumbi wanamokutana Wabulushi wa Unguja wanaoishi London. Utawakuta wazee wamejipanga kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na sahani yake ya biriani. Waulize mmoja mmoja babu zao walifikaje Unguja, na wote watakujibu sawasawa: babu alitoka Makrani, ng'ambo ya bahari, akaja kuwa Jemadari wa Seyyid, sultani wa Unguja. Huyu mjukuu wa jemadari, yule mjukuu wa jemadari, na yule pale anayechokonoa meno naye pia. Sasa mimi najiuliza, na wewe nisaidie: jeshi zima la Seyyid lilikuwa la majemadari watupu? Nani alibeba maji? Nani alisimama juani langoni? Na waliokufa vitani ni akina nani, maana majemadari wote hawa walirudi salama wakaoa wakazaa? Askari wa kawaida katika jeshi lile inaonyesha hakuwapo, na kama alikuwapo, hakuacha mtoto.

Mzee Abdulwakil Murad Shahdad alikuwa mmoja wa wajukuu hao, na katika wote ni yeye pekee aliyekuwa na ushahidi. Wenziwe walikuwa na maneno, yeye alikuwa na upanga. Aliutundika sebuleni kwake, ghorofa ya nne kwenye nyumba ya kaunsili, zile za kupangishwa na serikali ya mtaa, juu ya televisheni, kwenye misumari miwili. Mgeni akiingia, kabla hajapewa hata maji, huonyeshwa ukutani. "Huu," Mzee Abdulwakil husema akishusha sauti, "ndio upanga wa babu yangu, Jemadari Shahdad." Mgeni husema mashaallah, kwani mgeni mwenye adabu aseme nini tena? Mkewe, Bi Mwanamwema, Mpemba wa Wete asiyependa makuu, aliupangusa vumbi kila Alkhamisi huku akiuombea usimwangukie mtu. "Jemadari wako," alizoea kumwambia mumewe, "ipo siku atatuvunjia televisheni."

Nikwambie siri, lakini iishie hapa hapa. Upanga ule haukutoka Makrani wala Unguja. Ulitoka soko la Jumapili la mitumba, hapo hapo mashariki ya London, kwa Hemant, Mhindi wa Stanmore aliyezaliwa Kampala na ambaye Kiswahili chake kilikuwa hakijaingia kutu. Abdulwakil alikwenda kutafuta pasi ya nguo. Akauona upanga umelazwa baina ya kinanda kibovu na birika.

"Upanga wa nini huu?" aliuliza.

"Wa vita, bwana."

"Vita gani?"

Hemant akamtazama toka kofia ya viua mpaka viatu, akampima. "Wewe unataka vita gani?"

Basi wakaelewana. Shahidi wa biashara ile alikuwa mtu mmoja tu, binti wa Abdulwakil, Afra, wakati huo ana miaka sita, amesimama na donati mkononi, sukari imemjaa mdomoni. Njiani kurudi nyumbani baba yake aliinama akamwambia, "Huu upanga wa babu, sawa?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo mpaka Afra akawa mtu mzima, mfamasia mwenye koti lake jeupe, hawakulizungumza tena jambo lile. Na ukweli wa Shahdad mwenyewe, ambao Abdulwakil aliambiwa na marehemu baba yake, aliuzika pamoja na baba yake.

Na huyu mjukuu wa jemadari, kazi yake nini? Ngoja nicheke kwanza. Alikuwa mlinzi. Alisimama kwenye jumba la maduka pale Stratford, kavaa koti jeusi la kampuni, redio ya upepo begani, akiangalia watu wasiibe viatu. Kampuni yenyewe haikuwa na duka hata moja. Biashara yake ilikuwa kukodisha watu. Leo itakupeleka madukani, kesho hospitalini, keshokutwa ukasimame mbele ya benki ambayo hata akaunti huna. Ukiingia chumba cha walinzi wakati wa chai ungemkuta Mnepali mstaafu wa jeshi la Malkia, ungemkuta Mnigeria, Msomali, Mwafghani na Mkongo. Mwingereza ungemkuta kwenye picha ya mkurugenzi ukutani. Wakubwa wa dunia hawajabadilika hata kidogo: mali ni yao, lakini wa kuikodolea macho atoke mbali. Abdulwakil hakuyaona hayo. Jamaa zake wa Malindi kule Unguja aliwaambia yeye ni "ofisa wa usalama", nao waliposikia neno usalama wakaingiwa na hofu, wakaacha hata kumpigia simu kuomba simu.

Kiongozi wa zamu yao alikuwa kijana wa Kikenya aitwaye Ziyad, mrefu, mpole, mwenye kusali. Mzee alimpenda tangu siku ya kwanza. Kijana alimwita "mzee wangu", na kila baridi ikiingia alimpangia zamu ya ndani, karibu na duka la viatu penye joto, badala ya kule kwenye maegesho ya magari ambako upepo unakata masikio. "Kijana ana adabu yule," Abdulwakil alimwambia mkewe. "Sijui wa watu gani, lakini ana adabu."

Siku moja mzee akasahau mkoba wake wa chakula. Bi Mwanamwema akampa Afra aupitishe njiani akienda kazini. Baba alikuwa amekwenda kusali, mkoba akaupokea Ziyad. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza vilimfikia mwenyewe vingali vya moto, hakuna kilichoharibika. Lakini kuanzia wiki ile Mzee Abdulwakil akawa kila mara anasahau chakula. Akiapa kwamba leo alikiweka mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, mkewe humwambia, "Uzee huo, bwana." Kumbe mkoba ulikuwa ukifichwa nyuma ya mashine ya kufulia, na mfichaji ni yule yule mpelekaji.

Posa ikaja kwa heshima zake. Ziyad alimtuma bibi yake, Haboba Zamzam. Haboba ndivyo Wanubi wamwitavyo bibi, na bibi huyu aliishi na mjukuu wake Thamesmead tangu alipochukuliwa kutoka Nairobi aje apumzike. Alipiga simu, akasalimia, akaulizia afya za watu wote, kisha akajieleza bila kificho: wao ni Wanubi wa Kibra, babu zao walikuwa askari waliotolewa Sudani na Waingereza. Mzee Abdulwakil alishukuru, akaaga, akaiweka simu chini taratibu. Halafu akapasuka.

"Askari wa kukodi! Mwanangu mie, wa damu ya Jemadari Shahdad, nimpe kitukuu cha askari wa kukodi? Wamebebwa huko Sudani, wakatiwa bunduki mikononi na Mwingereza, wakaletwa kupiga watu hata majina yao hawayajui! Watu gani hao wanaopigana vita visivyo vyao?"

"Na Wabulushi je?" aliuliza Bi Mwanamwema.

"Wabulushi wamefanya nini?"

"Si walitoka kwao wakaja kumpigania Seyyid?"

"Ebo! Mwanamke, chunga ulimi. Sisi hatukukodiwa. Sisi tulialikwa."

Afra alikuwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Mtoto huyu Kiswahili alikielewa chote mpaka mafumbo ya mama yake, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza, kama walivyo wengi waliozaliwa huku. Akasema kwa Kiingereza chake cha Stratford kwamba anampenda Ziyad na hamtaki mwingine. Baba akajibu kwa Kiswahili kwamba yule si kufu yake, si wa daraja yake, na yeye walii wake hamwozi. Wakaenda hivyo, huyu Kiingereza, huyu Kiswahili, sauti zinapanda. Walielewana vizuri sana, ndiyo maana wote wawili wakaishia kulia.

Kesho yake mzee alikwenda kazini amejiandaa kuonewa. Alisema moyoni: sasa huyu atalipa kisasi, atanitupa maegesho, na mimi nitapata la kusema. Akatazama orodha ya zamu. Duka la viatu. Siku ya pili, duka la viatu. Siku ya tatu Ziyad akamletea na chai ya tangawizi juu yake, akamwamkia kama kawaida. Hakuna kinachoudhi kama adui anayekataa kukukosea. Mzee akaona hapana, lazima aonewe, hata kwa nguvu.

"Nipeleke maegesho," alimwambia.

"Mvua inanyesha huko, mzee wangu."

"Nipeleke, nimesema!"

"Siwezi. Una kifua." Ziyad akamfungia kizibo cha chupa ya chai, akaondoka zake kukagua milango.

Mjukuu wa jemadari akanyimwa hata ruhusa ya kulowa.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Kwa wafuasi wa Imamu Shafi, binti haozwi bila walii wake, na walii wa kwanza ni baba. Afra hakutaka kukimbilia kwa msajili wa serikali akatie saini kama anayenunua gari. Akaenda kwa Sheikh Riyadh, kijana wa Kipemba ambaye mchana alifundisha hisabati sekondari na jioni alisalisha watu. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba yako akiwa na sababu ya kisheria, imekwisha, sina la kufanya," alimwambia. "Kama hana, nitakuoza mimi badala yake. Lakini elewa, dada yangu, nikikuoza mimi, siku hiyo baba yako atakuwa amekaa nyumbani peke yake." Afra akajiinamia akalia pale pale. Ama amkose Ziyad, ama aolewe bila baba, na moyo wake haukuwa na nafasi ya kumwacha mmoja wao.

Sheikh akaona njia ni kwenda mwenyewe kuisikiliza hiyo sababu. Wakafika Jumapili baada ya Adhuhuri: Sheikh mbele, Haboba Zamzam katikati na fimbo yake, amejitanda gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, na Ziyad nyuma na boksi la tende. Mzee Abdulwakil aliwapokea kavaa kanzu na joho juu. Joho, jamani, kwenye sebule ya kaunsili, hita imewashwa, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Alikuwa ameshasogeza kochi asubuhi ili akae chini ya upanga barabara.

"Mzee Abdulwakil," Sheikh alianza, "umesema kijana si kufu. Si kufu kwa dini?"

"Dini yake safi."

"Kwa tabia?"

"Sina neno."

"Kwa kazi?"

Hapo mzee alisita kidogo, kwa sababu kazi ya Ziyad ilikuwa ni ile ile yake, tena kwa cheo cha juu. "Kazi si hoja. Hoja ni nasaba. Babu zake walikuwa askari wa kukodi."

"Na babu yako?"

"Jemadari."

"Wa nani?"

"Wa Seyyid."

"Alizaliwa Unguja?"

"Makrani."

"Alikuwa na ugomvi na watu wa kule kwetu?"

"Ugomvi gani? Alikuwa hawajui hata!"

"Basi alikuja kupigana nao kwa nini?"

"Alialikwa."

Haboba Zamzam alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Haki ya Mungu! Mtu hualikwa harusini, mzee. Vitani anaalikwa akale nini?"

Sheikh aliukaza uso wake wa kusahihisha mitihani. "Na huo mwaliko ulikuwa na mshahara?"

"Hapana!" Mzee akaliweka joho sawa. "Ulikuwa na takrima."

"Takrima ya siku ya kufika?"

"Na nyingine nyingine."

"Kila mwezi?"

Hita ikasikika ikinguruma. "Kila mwezi," mzee alikubali.

Bi Mwanamwema aliinuka ghafla akasema anakwenda kutazama sambusa, na huko jikoni akasikika akikohoa kikohozi kisicho cha maradhi.

"Mimi wangu simfichi," alisema Haboba Zamzam, na sasa hakuwa akicheka. "Babu yangu alikuwa ombasha, cheo cha kuongoza vijana wachache. Kwani alipenda? Alichukuliwa kwao akiwa mtoto, akapewa bunduki ndefu kumshinda, akaambiwa ukirudi nyuma tunakupiga sisi, ukienda mbele watakupiga wale. Akaenda mbele. Akapiga watu wa watu, mzee. Mama yangu alikuwa akisema, akiwa amelala alikuwa akiwaomba msamaha. Wakubwa walipomaliza naye wakamwonyesha kipande cha msitu, wakamwambia kaa hapo. Hati hawakumpa. Tukakaa, tukazaa, tukazika, na mpaka leo tunaulizwa nyinyi ni watu wa wapi." Akamwelekezea mzee kidole. "Wenu walipewa nini?"

"Heshima," alijibu Abdulwakil.

"Na hati?"

Mzee alikumbuka alivyotoka Unguja akiwa mtoto mdogo, kashikwa mkono na baba yake, begi moja la nguo, kwa kuwa mapinduzi yalipokuja walijikuta nao ni watu wa kuja. Vizazi viwili pale, kaburi la babu liko pale, na bado ni wa kuja. Alitaka kumwambia bibi huyu, "Na sisi pia." Yalimfika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Badala yake akanyanyua mkono akaonyesha ukutani.

"Maneno mengi ya nini? Askari wa kukodi huachia watoto wake upanga kama ule?"

Wote wakaangalia juu. Upanga uling'aa, maana Alkhamisi ilikuwa haijapita mbali.

"Ni wa babu yako huo?" Sheikh aliuliza.

"Wa babu yangu."

"Nakuuliza vizuri, mzee, kwa sababu hoja yako yote imesimama juu ya huyo jemadari. Upanga ukithibiti ni wake, una haki ya kukataa, nami nitanyamaza. Yupo mwingine anayejua ulikotoka?"

Mzee alifungua kinywa aseme hayupo, na macho yake yakakutana na ya Afra. Binti alikuwa kwenye kiti kidogo kando ya mlango, mikono mapajani. Abdulwakil akaiona ile donati. Akaiona sukari mdomoni, akamwona Hemant, akahisi joho linamlemea mabegani. Neno moja tu la Afra lingetosha. Hemant, basi. Mume anampata, haki inakuwa yake, na baba mjeuri anaumbuka mbele ya watu kama anavyostahili. Mimi ningesema. Na wewe ungesema, usijifanye malaika.

"Afra," Sheikh alimgeukia, "wewe umekulia nyumba hii. Upanga huu ni wa nani?"

Afra akauangalia upanga. Akamwangalia Ziyad, akamwangalia baba yake, ambaye kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. Akajibu, na safari hii hakujibu kwa Kiingereza.

"Wa babu," alisema. "Upanga wa babu."

Ziyad akainamisha kichwa. Sheikh Riyadh akashusha pumzi ndefu, akasema, "Basi. Kama nasaba imethibiti hivyo, mzee ana hoja yake," na akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Mzee Abdulwakil alikuwa bado anamtazama binti yake. Maisha yake yote amesikia habari za walinzi. Babu yake alilinda mali ya Seyyid kwa takrima, babu wa Haboba alilinda mali ya Mwingereza kwa kipande cha msitu, na yeye mwenyewe analinda viatu vya watu asiowajua. Na mwanawe huyu, tangu ana miaka sita, amesimama mlangoni mwa uongo wa baba yake akiulinda, hakuna aliyemkodi, hakuna aliyempa hata senti, na leo ameulinda kwa kujidhulumu nafsi yake. Aliona haya mpaka akatamani sakafu ipasuke. Akampenda mtoto yule kwa mapenzi yaliyomuuma kifuani.

Akainuka. Akapanda juu ya kochi na joho lake, akaushika upanga kwa mikono miwili, akauvuta. Msumari mmoja ukatoka na bonge la plasta.

"Televisheni!" Bi Mwanamwema alipiga ukelele kutoka jikoni.

Televisheni ilisalimika. Mzee akashuka, akauweka upanga mezani kando ya tende. "Sheikh, subiri. Upanga huu niliununua mimi," alisema. "Sokoni, kwa Hemant, Mhindi wa Stanmore. Nilikwenda kutafuta pasi."

Bi Mwanamwema, aliyekuwa amefika na sinia, alibaki amelishika. "Alkhamisi zote zile!" alisema.

"Na Shahdad hakuwa jemadari." Sasa machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Alikuwa askari wa lango, kwenye ghala la karafuu. Baba yangu aliniambia. Walimpa zamu ya usiku, akalala. Alipoamka alikuta analinda ghala tupu. Wakamfukuza, akauza kahawa mpaka alipokufa. Hakumpiga mtu hata kofi. Huyo ndiye jemadari wangu."

Haboba Zamzam akaegemea fimbo yake akauliza, "Kahawa yake ilikuwa nzuri?"

"Baba alikuwa akisema hakuna mfano wake."

"Basi wako alimaliza vizuri kuliko wangu," alisema bibi, na akamsogezea mzee boksi la tende, nyumbani kwa mzee mwenyewe, kama vile mwenyeji ni yeye.

Sheikh Riyadh alikuwa amekaa tena. "Askari wa kukodi huku, askari wa kukodi kule. Wote wametolewa kwao, wote wamelipwa, na wote wameambiwa si wa pale. Nafundisha hisabati, Mzee Abdulwakil, na hesabu iliyolingana hivi sijapata kuiona ubaoni. Kufu. Kufu mpaka basi."

Mzee akajifuta uso kwa pembe ya joho, akamgeukia kijana. "Wewe unalala zamu?"

"Hapana, mzee wangu."

"Basi umeshampita babu yangu." Kisha akamwita binti yake, akamshika mkono. "Nitakuoza mimi. Nisikie mtu mwingine yeyote amegusa kazi hiyo, atanitambua."

Na alimwoza mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya wazee wote wa viti vya plastiki. Mmoja alipomnong'oneza kwamba angemtaja Jemadari Shahdad kidogo, ingependeza, alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Muuza kahawa!" Ukumbi ukaguna. Biriani ilipokuja, mzee mmoja mwenye kifimbo cha fedha akamvuta pembeni, akamlaumu kwamba amewaharibia watu majina, akatazama kushoto na kulia, halafu akamwambia sikioni, "Wangu alikuwa mpishi wao." Lakini usidhani kuna kilichobadilika. Idi iliyofuata majemadari walikuwa wamerudi wote, na huyo wa kifimbo alikuwa ameongeza farasi.

Siku Afra alipohamia Thamesmead, alizunguka nyumba akikusanya vitu vyake, akasimama mbele ya upanga, uliokuwa umeegemezwa nyuma ya mlango pamoja na mafagio.

"Nauchukua na huu," alisema, kwa Kiswahili. Tangu ile siku alikuwa akikijaribu, kikimkwama hapa na pale.

"Wa nini tena, mwanangu? Si wa kweli huo."

"Nikizaa, watoto wataniuliza ni wa nani. Nitasema wa babu."

"Wa Shahdad?" Mzee akatikisa kichwa. "Usianze uongo upya."

"Si Shahdad. Babu yao. Babu alinunua sokoni, nikiwa na donati." Akatafuta maneno, akayapata. "Babu yao, mlinzi wa Stratford."

Mzee Abdulwakil alikwenda akatoa mkeka, akauviringisha upanga ndani yake pole pole, akaufunga kwa kamba mara mbili. Kuupeleka kwa treni haikuwezekana, polisi wa London hawana subira na mambo ya nasaba, kwa hiyo Ziyad akaja na gari. Mzee alikaa nyuma, mkeka mapajani, mikono yote miwili juu yake. Magari yalikuwa yamejazana barabarani na safari ikawa ndefu. Bi Mwanamwema, aliyekaa kando yake, alimwona macho yanakuwa mazito, akamwambia ajilaze kidogo, bado hawajafika.

"Silali," alisema Mzee Abdulwakil. "Niko zamu."